Maswali ya Wasomaji: Hisa za New York hupanda usiku, mchana zinafanya nini?

Katika toleo lililopita tuliandika aya moja tu kuhusu jambo linalowashangaza hata waliozeekea sokoni: kwa miongo mitatu, sehemu kubwa ya faida ya hisa za Marekani imekuwa ikiingia soko likiwa limefungwa, na saa za biashara zenyewe zimechangia kidogo sana. Barua zilizofuata ni nyingi. Tumechagua zinazouliza mambo ambayo mtu anaweza kuyapima au kuyafanya mwenyewe, na zilizofanana tumeziunganisha.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Katika safu hii "usiku" ni muda wote tangu soko la New York linapofunga hadi linapofungua tena, wikiendi na sikukuu zikiwemo. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki muda huo huanza saa tano au saa sita usiku na huisha jioni ya kesho yake. Yaani "usiku" wa New York unameza mchana wetu wote wa kazi.

Kama hakuna anayeuza wala kununua, bei inapandaje? (Msomaji, Tanga)

Haipandi polepole gizani. Inaruka. Soko likifunga Jumatatu, hisa ina bei yake ya mwisho. Likifungua Jumanne, ina bei yake ya kwanza. Katikati hapo watu wamesoma habari, wamebadili mawazo, oda zimejipanga, na mnada wa kufungua hutafuta bei moja itakayokidhi oda nyingi iwezekanavyo. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo faida, au hasara, ya usiku.

Chukua hisa iliyofunga Jumatatu kwa dola 200, ikafungua Jumanne kwa 202, ikafunga Jumanne kwa 201. Aliyeishika tangu Jumatatu jioni anaona asilimia 0.5 basi. Lakini safari ilikuwa na vipande viwili: usiku ulileta asilimia 1 (202 gawa kwa 200), kisha mchana ukarudisha nyuma karibu asilimia 0.5 (201 gawa kwa 202). Fanya hesabu hiyo kwa kila siku ya miaka 30 na ulimbikize usiku peke yake na mchana peke yake. Ndipo tofauti inapojitokeza.

Kipimo kinachotumiwa zaidi ni mfuko wa SPY, unaofuata fahirisi ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za kampuni kubwa 500 za Marekani, na ambao hununuliwa na kuuzwa sokoni kama hisa ya kawaida tangu Januari 1993. Watafiti Michael Cliff, Michael Cooper na Huseyin Gulen waliandika mwaka 2008, wakitumia bei za kuanzia 1993 hadi 2006, kwamba malipo ya kushika hisa yalitoka usiku, na mchana ulikaribia sifuri, mara nyingine chini yake. Wengine waliorudia hesabu kwa miaka iliyofuata wamekuta sura ileile.

Usielewe kwamba kila usiku una neema. Wastani wa usiku mmoja ni sehemu ndogo sana ya asilimia, na usiku wa kushuka ni mwingi. Mwingine hushuka vibaya. Kampuni za Marekani hupenda kutangaza ripoti za mapato kabla ya soko kufungua au mara baada ya kufunga, kwa hiyo mshtuko wote huangukia bei ya kufungua. Tarehe 2 Februari 2022 hisa ya Meta, wenye Facebook, ilifunga kwa dola 323. Ripoti ikatoka baada ya kengele ya kufunga soko. Siku ya pili ilifunga kwa 237.76, anguko la asilimia 26, na sehemu kubwa ya anguko hilo ilikuwa imekwishatokea kabla ya muamala wa kwanza wa asubuhi.

Nimepakua bei za miaka 20 na kuzipiga hesabu kwa Excel. Kuna usiku mmoja unasema hisa imeshuka asilimia 90, na kwingine usiku unapata faida kubwa mno kila siku. Nimekosea wapi? (Msomaji, Nairobi)

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kosa lako la pili ni la hatari kuliko la kwanza kwa sababu linatengeneza lenyewe ile picha unayoitafuta.

Tuanze na asilimia 90. Bila shaka hisa yako iligawanywa. Nvidia, kwa mfano, iligawa kila hisa kuwa 10 na kuanza kuuzwa kwa bei mpya tarehe 10 Juni 2024. Apple iligawa kila hisa kuwa 4 tarehe 31 Agosti 2020. Hakuna aliyepoteza kitu, ila mgawanyo huanza kutumika soko linapofungua, kwa hiyo bei ghafi huonyesha usiku wa maafa ambao haukuwapo. Vyanzo vingi hurekebisha mgawanyo moja kwa moja. Kama chako hakirekebishi, gawa bei zote za kabla ya tarehe hiyo kwa idadi ya mgawanyo.

Sasa faida kubwa ya kila usiku. Tovuti nyingi za bure hutoa safu mbili za kufunga: bei ya kufunga, na bei ya kufunga iliyorekebishwa kwa gawio. Lakini bei ya kufungua huachwa bila kurekebishwa kwa gawio. Ukichukua bei ya kufungua ya leo na kuigawa kwa bei iliyorekebishwa ya jana, unalinganisha vitu viwili tofauti. Kadiri unavyorudi nyuma miaka, bei iliyorekebishwa inazidi kuwa ndogo kuliko bei halisi ya siku ile, kwa hiyo usiku huonekana una faida kila siku na mchana una hasara kila siku. Hata tofauti ya asilimia 2 tu kati ya safu hizo inakupa asilimia 2 za uongo kwa kila usiku.

Panga hivi. Safu A tarehe, B bei ya kufungua, C bei ya kufunga, D bei ya kufunga iliyorekebishwa. Safu E weka D gawa kwa C. Hicho ndicho kipimo cha kurekebishia. Safu F weka B mara E. Hapo umepata bei ya kufungua iliyorekebishwa. Kisha, kuanzia mstari wa 3 ikiwa data yako inaanza mstari wa 2:

Usiku, safu G: =F3/D2-1
Mchana, safu H: =D3/F3-1
Ukaguzi, safu I: =(1+G3)*(1+H3)-1

Safu I lazima ilingane na D3/D2-1 mpaka nukta ya mwisho. Isipolingana hata siku moja, simama uitafute siku hiyo.

Gawio linaangukia usiku, na si kwa hila ya hesabu. Mwenye hisa soko linapofunga siku moja kabla ya tarehe ya kutenga gawio ndiye anayelipwa, na bei hushuka kwa takriban kiasi hicho asubuhi yake. Usiporekebisha, unaudhulumu usiku. Ukirekebisha upande mmoja tu, unaudhulumu mchana.

Ukishapata G na H, usijumlishe asilimia. Anza na shilingi 100 katika J2 na uzidishe siku kwa siku: =J2*(1+G3), ukivuta chini. Kwenye safu nyingine fanya hivyo kwa H.

Kuna kosa la tatu ambalo hukuliuliza lakini utalifanya kesho: kutumia fahirisi yenyewe ya S&P 500 badala ya mfuko. Fahirisi hukokotolewa kwa bei za mwisho za kampuni 500. Sekunde za kwanza za asubuhi hisa nyingi bado hazijauzwa, kwa hiyo fahirisi hutumia bei zao za jana. Bei ya kufungua ya fahirisi inang'ang'ania bei ya kufunga ya jana, na usiku wote unaonekana kama haukufanya lolote. Tumia SPY au mfuko mwingine unaouzwa wenyewe.

Kipimo cha haraka: mfuko wa soko zima ukikupa wastani wa usiku unaozidi asilimia 0.1 kwa miaka mingi, usishangilie. Rudi kwenye safu E.

Sababu ni nini hasa? (Wasomaji wa Arusha, Bujumbura na Morogoro)

Jibu jepesi ni kwamba usiku una hatari zaidi: huwezi kutoka, habari mbaya inakukuta umelala, kwa hiyo soko linakulipa kwa ujasiri. Sisi tunaona jibu hilo lina ukweli kidogo na pengo kubwa. Kenneth French na Richard Roll walionyesha mwaka 1986 kwamba bei huyumba zaidi sana, kwa kila saa, soko likiwa wazi kuliko likiwa limefungwa. Walipata hata jaribio la bahati: nusu ya pili ya mwaka 1968, soko la New York lilikuwa likifunga Jumatano ili makarani wamalize rundo la karatasi za miamala. Zilikuwa siku za kazi kama nyingine, habari zilikuwa zikitoka kama kawaida, na bado bei zilitulia zaidi. Kuuza na kununua kwenyewe ndiko kunakozitikisa bei. Basi ikiwa mchana ndio unaotikisika, kwa nini usiku ndio ulipwe?

Maelezo yanayotushawishi zaidi yanaangalia nani ananunua saa ngapi. Wanunuzi wadogo husoma habari jioni, huweka oda, nazo hutekelezwa asubuhi. Henk Berkman na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba hisa zilizovuta macho ya watu jana hufungua juu, kisha hupooza mchana. Anayenunua asubuhi kwa pupa analipa zaidi. Taasisi kubwa, kama mifuko ya pensheni na mifuko ya fahirisi, hupendelea kufanya kazi karibu na kufunga. Dong Lou, Christopher Polk na Spyros Skouras waliandika mwaka 2019 kuhusu hali hii kama mvutano wa kamba: kundi moja linavuta bei usiku, jingine linazirudisha mchana. Na mvutano huo haufanani kwa hisa zote. Faida ya kununua hisa ambazo tayari zimekuwa zikipanda ilijitokeza usiku, ilhali faida ya kununua hisa za bei nafuu kulingana na thamani ya kampuni ilijitokeza mchana. Mtu anayesema "usiku ni bora" bila kutaja ni hisa gani amesema nusu ya neno.

Kuna pia kazi ya Nina Boyarchenko, Lars Larsen na Paul Whelan. Walitazama fyucha za S&P 500, mikataba ya kununua au kuuza kwa tarehe ya mbele, inayouzwa karibu saa 23 kwa siku, wakakuta kipande kikubwa cha kupanda kwa usiku kinakaa kati ya saa nane na saa tisa usiku wa New York, yaani asubuhi Ulaya inapoanza kazi. Maelezo yao ni ya kibiashara kabisa. Jioni watu wakiuza kwa wingi, wafanyabiashara wanaosimama katikati hulazimika kubeba mzigo, na hawataki kulala nao bila malipo. Wanaununua kwa bei ya chini kidogo, na wenzao wa Ulaya wakifika wanautua.

Anayetaka kuona kwamba kanuni za soko zina nguvu kuliko jua na mwezi, aitazame China. Hisa za Shanghai na Shenzhen zinazouzwa kwa yuan zina sura iliyopinduka: wastani wa usiku ni hasi. Tangu 1995 hisa uliyoinunua leo huruhusiwi kuiuza leo, mpaka kesho. Anayenunua asubuhi amejifunga siku nzima. Anayenunua dakika ya mwisho amejifunga usiku tu na asubuhi yuko huru. Kwa hiyo wa asubuhi anadai punguzo, bei ya kufungua inashuka, na kadiri siku inavyokwenda punguzo linayeyuka.

Basi si ninunue kila soko linapofunga na kuuza kila linapofungua? (Msomaji, Mombasa)

Tufanye hesabu kabla ya kufungua akaunti. Mwaka wa soko la New York una siku 252 hivi. Kununua na kuuza kila siku ni miamala 504.

Tuseme, kwa mfano tu, usiku mmoja unaleta wastani wa asilimia 0.035. Ukilimbikiza siku 252 bila gharama yoyote unapata asilimia 9.2 kwa mwaka. Sasa weka gharama ya asilimia 0.01 kwa kila muamala, ambayo ni dola 1 katika kila dola 10,000. Kila usiku unabaki na 0.015, na mwaka mzima asilimia 3.9. Gharama ikiwa asilimia 0.02 kwa muamala, umeingia hasara ya zaidi ya asilimia 1, kabla ya kodi. Tumerudia hesabu hii mara tatu kwa sababu wanaoiona mara ya kwanza hawaiamini: dola 2 kwa kila dola 10,000 zinatosha kuua mpango wote.

Gharama hiyo haimo katika kamisheni peke yake, na ndiyo maana tangazo la "bila kamisheni" halitakuokoa. Imo katika pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, na pengo hilo huwa pana zaidi dakika za kwanza baada ya kufungua, saa ileile unayotaka kuuza. Njia ya kulikwepa ni kutumia oda za mnada: oda ya kununua kwa bei ya kufunga na oda ya kuuza kwa bei ya kufungua. Hapo unapata bei rasmi yenyewe. Lakini si kila dalali wa simu ya mkononi anazo. Muulize kwa maandishi kabla ya kuweka fedha. Ukiweka oda ya kawaida dakika moja baada ya kengele, hufanyi tena ule mpango ulioupima kwenye Excel.

Wataalamu pia wamejaribu. Mwaka 2022 Marekani ilizinduliwa mifuko ya NightShares, iliyobuniwa kuwalenga wanaotaka faida ya usiku. Mwaka 2023 ikafungwa.

Na usisahau siku unazozikosa. Tarehe 9 Aprili 2025, rais wa Marekani alipotangaza mchana kusitisha kwa siku 90 sehemu kubwa ya ushuru mpya wa forodha, S&P 500 ilitoka 4,982.77 ya jana yake hadi 5,456.90, asilimia 9.5, na kupanda huko kulitokea soko likiwa wazi. Aliyeuza asubuhi ile aliitazama ikipita.

Kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani, kodi nayo ipo: faida ya hisa iliyoshikwa chini ya mwaka mmoja hutozwa kama mapato ya kawaida. Kwa walio Kenya na Tanzania, nchi zisizo na mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, gawio hukatwa asilimia 30 kabla ya kukufikia, na tumeona kwamba gawio huenda kwa mshika usiku.

Mimi natumia CFD ya US500, na akaunti yangu ni ya Kiislamu. Je, hesabu ni ileile? (Msomaji, Muscat)

Hapana, ni mbaya zaidi kwa wengi, na swali lako ni zuri kuliko ulivyodhani.

CFD ni mkataba na dalali wa kulipana tofauti ya bei, na US500 ni jina ambalo madalali huipa S&P 500. Anayeshika mkataba huo hamiliki hisa. Ameazima nafasi kwa dalali, na riba ya kuazima hutozwa kwa usiku. Mkataba uliofunguliwa na kufungwa mchana haulipi kitu. Ukivuka saa kumi na moja jioni ya New York, inakatwa ada iitwayo swapu. Tuchukue kiwango cha mfano cha asilimia 7 kwa mwaka. Gawa kwa 360, unapata karibu asilimia 0.0194 kwa usiku, dola 1.94 kwa nafasi ya dola 10,000. Wikiendi inalipiwa pia, kwa kukata mara tatu katika siku moja ya juma. Kwa mwaka mzima zimekwenda asilimia 7.1. Sasa weka pengo la bei ya kununua na kuuza: nusu pointi kwenye fahirisi ya pointi 6,000 ni asilimia 0.0083 kwa kila mzunguko, mara 252 ni asilimia 2.1. Jumla asilimia 9.2. Ile faida yote ya mfano wetu imekwisha, na hatujafika kwenye usiku mbaya.

Akaunti ya Kiislamu huondoa swapu. Lakini baadhi ya madalali huirudisha kwa jina la ada ya uendeshaji, mara nyingi baada ya siku kadhaa za kushika nafasi, au hupanua pengo la bei. Soma jedwali la ada la chombo hicho hasa, si ukurasa wa matangazo. Tafuta mambo matatu: ada huanza usiku wa ngapi, ni kiasi gani kwa kila loti, na kama pengo la bei ni sawa na la akaunti ya kawaida. Kama mkataba wenyewe wa kutomiliki kitu unakubalika kwa sheria ya dini, hilo ni la mashehe wako, wala hatutalijibu hapa.

Oda yangu ya kukata hasara ilikuwa dola 95. Hisa ikauzwa 81. Nimeibiwa? (Msomaji, Kisumu)

Haielekei. Oda ya kawaida ya kukata hasara, ile inayoamuru kuuza bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka, hulala soko likifunga. Asubuhi hisa ikifungua kwa 81, bei imeshapita 95 bila kuigusa, oda inaamka na kuuza kwa bei iliyopo. Ungetumia oda yenye kikomo, ingekataa kuuza chini ya kikomo chako na ungebaki na hisa mikononi. Oda hizo zote mbili hazikulindi na mruko wa usiku. Kinacholinda ni ukubwa wa nafasi: jiulize hisa hii ikifungua chini kwa asilimia 25 utapoteza kiasi gani, na ununue kadiri unavyoweza kustahimili. Kabla ya siku ya ripoti ya mapato, punguza. Wenye mkopo wa dalali wawe macho zaidi, kwani akaunti ya Marekani inayoruhusu kununua mara 4 ya mtaji mchana hurudi mara 2 soko likifunga, na aliyezidisha hudaiwa fedha au huuziwa.

Je, Dar es Salaam na Nairobi kuna tofauti hii ya usiku na mchana? (Wasomaji kadhaa)

Kabla ya kuipima, soma kanuni za soko uone bei ya kufunga inakokotolewaje. Katika masoko yenye miamala michache, bei ya kufunga mara nyingi ni wastani wa bei za siku uliopimwa kwa wingi wa hisa, si bei ya muamala wa mwisho. Wastani wa siku nzima umebeba asubuhi, adhuhuri na alasiri ndani yake, hivyo huwezi kuutumia kutenganisha usiku na mchana. Tena hisa isiyouzwa siku tatu haina bei ya kufungua; ina bei ya zamani.

Hata ungeipata tofauti hiyo, ada zetu zinazidi asilimia 1 kwa kila upande. Usiku mmoja tu wa kununua na kuuza ungekugharimu zaidi ya asilimia 2. Nunua hisa za huku kwa gawio na kwa miaka.

Mimi ninanunua mfuko wa S&P 500 kila mwezi na siuzi. Yote haya yananihusu nini? Na oda niweke saa ngapi? (Msomaji, Kampala)

Yanakuhusu kidogo lakini kwa uhakika. Usinunue dakika 30 za kwanza. Pengo la bei ni pana na wenye pupa wako sokoni. Kama siku ya kununua ni leo, nunua leo karibu na kufunga badala ya kesho soko linapofungua, maana ukingoja asubuhi umeuacha usiku mmoja upite. Tofauti ni senti chache kwa dola 100, ila haikugharimu chochote kuipata. Tumia oda yenye kikomo, ukiweka kikomo senti moja au mbili juu ya bei ya wauzaji.

Saa zenyewe, kwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam: tangu Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York hufungua saa kumi na nusu jioni na kufunga saa tano usiku. Miezi mingine hufungua saa kumi na moja na nusu na kufunga saa sita usiku. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi mtoe saa moja. Muscat mwongeze moja. Oda ya bei ya kufunga katika NYSE, soko kuu la hisa la New York, hupokelewa mpaka dakika 10 kabla ya kengele, yaani saa tano kasoro dakika kumi, au saa sita kasoro dakika kumi majira yale mengine. Nasdaq, soko jingine la hisa la huko, huruhusu mpaka dakika 5 kabla. Dalali wako huenda ana mwisho wake wa mapema zaidi. Na Ijumaa inayofuata sikukuu ya Thanksgiving mwezi Novemba, soko hufunga mapema, saa tatu usiku kwa saa zetu; kila mwaka kuna wanaokaa hadi saa sita kungoja kengele iliyokwishalia.